Firigisi ya Kuku wa Karatasi

Juzi niliunguza gundi. Si gundi ya dukani, ni ile ya unga wa ngano na maji, inayopikwa kwenye sufuria ndogo na kukorogwa mpaka ivute. Nilikuwa nimegeuka kidogo tu kuanua nguo, maana mawingu ya Eldoret hayana adabu, na niliporudi jikoni harufu ilikuwa imeshajaa: harufu ya chapati iliyokosewa, yenye moshi na uchachu kidogo. Binti yangu wa chekechea alikuwa ananingoja mezani na trei tupu ya mayai. Mwalimu wao hapa Kapsoya alikuwa ametuma ujumbe kwamba kesho yake kila mtoto aje na mnyama aliyetengenezwa kwa vitu vilivyokwisha kutumika nyumbani. Kwenye kundi letu la simu wazazi walikuwa wanalalamika vibaya sana, na mmoja akauliza kama kuna duka mjini linalouza takataka safi. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, nimerudi utotoni kule Munyaka, kwenye chumba chetu cha kupanga, katika Agosti moja ya mvua ambayo Baba hakuwa nyumbani.

Ploti yetu ilikuwa na vyumba vya mabati vilivyotazamana safu mbili, na katikati kamba za nguo, bomba moja la maji na matope ya kutosha kila mtu. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo hadi kiwanda kilipopunguza watu. Kwa muda aliendelea kuamka saa ileile ya zamani. Alinyoa ndevu, akavaa viatu, akafunga kamba vizuri, kisha akaketi kwenye stuli mlangoni akiwatazama wenzake wakitoka. Nilidhani anapumzika. Nilimwonea hata wivu, kwa sababu mimi nilikuwa na miaka minane na sikuruhusiwa kupumzika hata Jumapili.

Mama hakumwambia kitu. Aliona jinsi kina mama wa ploti walivyokuwa wanahangaika na watoto shule zikifungwa, akatangaza bombani kwamba watoto wote wadogo wabaki kwake, kila mtu atampa anachoweza. Kesho yake chumba chetu kilijaa. Alikuwepo Hodan, binti wa Mama Hodan mwenye duka la mbele ya ploti, mtoto msafi asiyependa kuguswa nywele. Alikuwepo Kiprop, aliyepumua kwa mdomo na kula chochote kilichoanguka. Walikuwepo wengine waliokuja wakilia na kuondoka wakilia kwa sababu hawataki kuondoka. Na alikuwepo mdogo wangu Barasa, ambaye alikuwa bado hajafika umri wa kuingia shule na aliyekasirika sana kuona Mama yake amegeuzwa kuwa wa watu wote.

Vitu vya kuchezea havikuwepo. Kilichokuwepo ni takataka, na Mama alizikusanya kama mtu anayevuna. Mama Hodan alimpa trei za mayai na katoni za sabuni. Majirani walileta mikebe ya mafuta ya kupikia, malapa yaliyokatika, magazeti, vifuniko vya soda, sweta zilizofumuka. Kukhu, bibi yetu wa Malava, alituletea mahindi kwenye gunia, na magunzi yake yote yakabaki kwetu. Mvua ikianza kupiga mabati kiasi cha kutosikilizana, Mama aliweka sufuria ya gundi kwenye jiko, akatandaza gunia chini, akasema kwa sauti ya kushinda mvua, "Leo tunazaa wanyama."

Nami nilijiteua mwalimu msaidizi. Nilishika mkasi na sikumpa mtu. Twiga wangu wa magunzi ya mahindi alikuwa na shingo tatu zilizounganishwa, na ukimgusa kidogo alianguka kama mlevi. Hodan alitengeneza kobe kwa mkebe wa rangi ya viatu, akampangusa mpaka akang'aa. Kiprop alitengeneza ng'ombe. Siku ya paka, Kiprop alitengeneza ng'ombe. Siku ya samaki, alitengeneza ng'ombe mdogo, akaeleza kwamba huyo anajua kuogelea.

Mama alikuwa na sheria moja ambayo sijawahi kuiona kwa mwalimu mwingine: macho huwekwa mwisho. "Ukimwekea macho kama hujamaliza," alituambia, "atakuona ukimfinyafinya, na hatakupenda." Kwa hiyo kabla ya macho, kila mtoto alisimama na mnyama wake akaulizwa. Huyu anakula nini? Analala wapi? Akikasirika anafanya nini? Ukijibu vizuri ndipo Mama anachovya punje mbili za maharagwe meusi kwenye gundi na kuzibandika, na kweli, wenzangu, mnyama alikuwa anageuka kuwa hai pale pale. Hata mimi mwalimu msaidizi, niliyejua kila kitu, nilikuwa napunguza sauti mbele ya kitu chenye macho.

Sasa niwaambie habari ya kuku, maana ndipo mambo yalipoharibika.

Malipo ya kwanza ya Mama yalipotosha, alienda mjini peke yake, akarudi amebeba kitu ndani ya mfuko wa plastiki, kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alikuwa kuku wa broila. Si kuku wa kufukuzwa ua mzima na kuchinjwa, bali kuku wa duka kubwa, ameshanyonyolewa, ameshaoshwa, mweupe na baridi. Mama alikuwa anameremeta. Tangu kiwanda kimwachishe Baba kazi, tulikuwa tumekula sukumawiki hadi Barasa akauliza kama sisi ni sungura. Mama alimpika kuku yule kwa vitunguu na nyanya, mlango wazi, harufu iende mpaka bombani watu wajue.

Kwetu sisi Waluhya, kuku akipikwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Nyumbani tunaiita imondo. Haionjwi jikoni, mtoto haigusi, na mke anaiweka juu kabisa ya bakuli ili mume aione kabla hajaona kitu kingine. Ni kipande kidogo kigumu, na utamu wake, nikisema ukweli, si wa kupigania. Lakini nimeona harusi ikisimama kwa sababu yake.

Baba alinawa mikono. Akavuta bakuli. Akageuza vipande kwa kijiko, polepole, halafu akageuza tena.

"Mama Nafula, imondo iko wapi?"

Mama alikuwa anakata ugali. "Haikuja nayo. Hizi za duka huwa wameshatoa."

"Wameshatoa."

"Hata mimi sikujua. Nimefungua nikaona hakuna."

Baba alitabasamu, lakini si tabasamu la furaha. "Sawa. Kumbe hii kuku ni yako tu. Yangu imebaki duka."

Mama alikuwa amechoka. Alikuwa ameshinda na watoto wa watu tangu asubuhi, amesimama kwenye foleni mjini, ametembea na kuku kwenye mvua. Alisema bila kuinua kichwa, "Basi siku ukinunua yako, itakuja nayo."

Hakuna aliyepiga kelele. Hiyo ndiyo ilinitisha. Baba alikula ugali kwa mchuzi peke yake, akanawa mikono, akamshukuru Mama kwa chakula kama mgeni. Asubuhi stuli ya mlangoni ilikuwa tupu, na begi lake halikuwepo msumarini. Jioni ile Abdi, ndugu ya Mama Hodan, aliyekuwa dereva wa lori, alisimama dukani akasema amempakia Baba mpaka Malaba, mpakani, ambako watu hupata kazi ya kupakua mizigo. Mama alisikia habari hizo akiwa na kibaba cha unga mkononi. Akasema, "Ni vizuri," akarudi nyumbani akasahau kutupatia chakula mpaka nilipomkumbusha.

Siku zikawa zinakwenda na Baba haji. Mama aliendelea na watoto wa watu. Aliimba nao, akawapangusa makamasi, lakini watoto wakishaondoka alikuwa anakaa kwenye ile stuli ya Baba na hakuna anayejua anatazama nini. Mimi niliogopa. Kwenye ploti yetu alikuwepo mama mmoja ambaye mumewe alienda kutafuta kazi na akapata pia mke, na watu walikuwa wanalisema jambo hilo kwa sauti ya chini watoto wakipita. Nilikuwa nalala nikihesabu nguo za Baba zilizobaki kwenye kamba ya chumbani, kuhakikisha hazipungui.

Barasa yeye hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na maelezo yake. Mtu akimuuliza baba yako yuko wapi, alijibu bila kusita, "Ameenda kutafuta imondo."

Watu walicheka. Mama hakucheka.

Ndipo ikafika siku ya kuku. Mvua ilikuwa imechanganyika na mawe ya barafu, na tulilazimika kusogeza gunia mbali na mlango. Mama alitugawia trei za mayai. Ukikata vikombe viwili vya trei na kuvifunikiza pamoja, unapata mwili wa kuku mzuri kabisa, mnene, na ukiubandika magazeti mara kadhaa unakuwa mgumu kama mti. Mabawa yakatoka kwenye katoni ya sabuni, mkia ukawa manyoya ya kweli tuliyookota nyuma ya kibanda cha mzee aliyefuga kuku, mdomo ukawa kipande cha lapa la njano. Kiprop alimaliza ng'ombe wake mwenye mabawa mapema. Wengine nao wakajibu maswali yao, wakapata macho. Barasa peke yake alikuwa bado ameshikilia vikombe vyake viwili na hataki vifungwe.

"Lete tubandike, Barasa," Mama alimwambia, akikoroga gundi. "Wenzako wanakungoja."

"Bado."

"Bado nini?"

"Haina imondo."

Mama aliacha kukoroga.

Barasa alifungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na mawe madogo madogo, yale yanayooshwa na maji ya paa mpaka yanakuwa laini. Alikuwa ameyaokota mwenyewe chini ya mchirizi, na mikono yake ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi. Alikuwa amewahi kumwona Kukhu akipasua firigisi na kumwaga changarawe zilizomo ndani, na kitu alichokiona Barasa hakikuwa kinamtoka kichwani. Akamweleza Mama kwa subira, kama anayemfundisha mtu mgumu wa kuelewa, kwamba ile kuku ya duka ilikuwa mbaya, kwa hiyo yeye anatengeneza iliyo nzuri, na Baba akiikuta hataenda tena.

Gundi ikaungua. Mama yangu, ambaye hajawahi kuunguza hata uji, alisimama pale na mwiko, na moshi ukajaa chumba mpaka Hodan akaanza kukohoa. Harufu ile ndiyo iliyonirudia juzi.

Kisha Mama akaipua sufuria, akaketi chini kwenye gunia pamoja nasi, akavua kitambaa cha kichwani. Kilikuwa kitambaa chekundu ambacho Baba alimnunulia Mama wakati Barasa alipozaliwa, na tulikatazwa hata kukiwekea mkono wenye mafuta. Akaninyang'anya mkasi, mkasi wangu, akakata pembe yake. Nilipiga yowe. Hakunisikia. Alimimina mawe ya Barasa katikati ya kile kipande, akakikunja, akakishona kwa uzi mweusi, mishono midogo ya karibu karibu, mpaka ikatoka firigisi ambayo ungeweza kuikosea ukaitia kwenye mchuzi. Akaitia ndani ya vikombe vya Barasa, akavifunga, akashona bawa moja lifunguke kidogo kama mlango juu ya tundu, ili mtu aweze kuchungulia.

"Sasa uliza," Barasa alimwambia, akisubiri maswali yake.

Mama alitakiwa kuuliza kuku anakula nini. Badala yake akachovya maharagwe kwenye gundi iliyobaki na kuyabandika bila kuuliza kitu. Ndiye mnyama pekee aliyewahi kupewa macho bila mtihani.

Kuku huyo akawekwa dirishani. Kila asubuhi Barasa alimtikisa sikioni, mawe yakalia, naye akaridhika. Halafu asubuhi moja dirisha likawa tupu. Barasa alilia mpaka watu wa safu ya pili walikuja kuuliza kama kuna msiba. Mama alikuwa anawasha jiko, ametupa kisogo. "Kuku ameenda kumtafuta Baba," akasema.

Mimi nilikuwa na miaka minane na nilijua kuku wa trei hatembei. Nilichungulia chini ya kitanda. Nilimchunguza paka wa jirani mdomoni. Nilimkasirikia Mama kwa kumdanganya mtoto mdogo, nikasema moyoni kwamba sasa tumepoteza vyote viwili.

Baba alirudi jioni moja tukiwa mezani. Nilisikia viatu vikipanguswa matope mlangoni, na nikajua namna ile ya kupangusa kabla sijaona mtu. Aliingia amekonda, begani ameloa, shingo imechubuka kwa magunia. Barasa alimrukia. Mama hakuinuka.

Baba alifungua begi, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya mfuko wa sukari, akakiweka mezani karibu na ugali. Alikuwa kuku wetu. Karatasi zilikuwa zimefumuka upande mmoja, na jicho moja lilikuwa limedondoka njiani.

"Huyu kuku alinifikia Malaba bila ugali," Baba alisema. "Nikaona nimrudishe penye ugali."

Mama alikuwa anatazama meza. "Uliangalia ndani?"

"Niliangalia."

"Iko?"

"Iko."

Mama akachukua sufuria iliyokuwa safi kabisa, akatoka nayo bombani kuiosha, kwenye mvua. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi uso ulikuwa umeloa na hakuna aliyeweza kusema ni maji gani. Baba alikuwa ameomba punje ya maharagwe, amempakata Barasa, na wote wawili walikuwa wanambandika kuku jicho.

Baba hakurudi Malaba. Alianza kutengeneza viti na fundi mmoja kule Huruma, kazi ikawa inakuja na kuondoka, na kuna siku tulikula sukumawiki kama sungura. Lakini tangu hapo, kuku akipikwa nyumbani kwetu, kuku mzima wa kuchinjwa, Baba alipewa firigisi yake juu ya bakuli, akaikata katikati kwa kisu, akaiweka nusu kwenye sahani ya Mama. Hakuwahi kueleza. Mara ya kwanza Kukhu alipoliona jambo hilo aliweka kijiko chini, akauliza kama mwanawe amelishwa kitu. Baba akamjibu kwamba ndiyo, amelishwa.

Mimi niliamini kwa miaka mingi kwamba yule kuku alikuwa na nguvu fulani. Nilikuwa nimeshaolewa nilipojua. Nilikuwa nimekosana na mume wangu kwa jambo ambalo hata silikumbuki, nikaenda Malava kwa wazazi kumngoja aanze yeye kusema. Mama aliniacha ninune siku kadhaa. Kisha, tukipukuchua mahindi barazani, akaniambia yeye ndiye aliyempelekea Mama Hodan kuku yule dukani, na kwamba Abdi alimsafirisha mbele ya lori.

"Kwa nini hukumtumia tu maneno?" nilimuuliza.

"Ningesema nini? Nikimwambia rudi, ni kama namwamuru, na alikuwa ameamriwa vya kutosha kwa ile kiwanda. Nikimwambia samahani, dereva asikie?" Alipukuchua gunzi zima kabla ya kuendelea. "Nilimwambia Abdi, mpe Baba Nafula, mwambie atikise. Basi. Abdi akasema baba yako alitikisa, akafungua lile bawa, akaona kitambaa. Akakaa juu ya gunia na hawakumwinua mpaka lori lingine likaja."

Nikaacha mahindi. Nilimwona Baba yangu mlangoni na viatu vyake vilivyofungwa vizuri, bila pa kwenda, na ndipo nikaelewa kwamba jioni ile hakuwa anatafuta nyama ndani ya bakuli. Alikuwa anatafuta kama bado ana nafasi. Na Mama, aliyebeba kuku kifuani kutoka mjini, alikuwa anampelekea nafasi hiyo hiyo, ila kuku alifungwa na watu wasiotujua. Walikuwa wanapendana na kuumizana kwa kitu kimoja, na aliyeona ni Barasa, kwa sababu ndiye pekee aliyeamini walichokuwa wanakisema. Jioni ile nilimpigia simu mume wangu mimi kwanza.

Basi juzi nilitupa gundi iliyoungua, nikapika nyingine. Binti yangu akakata trei, nami nikampa mawe madogo na kipande cha kitambaa chekundu, tukashona imondo.

"Lakini mwalimu hataona," akaniambia. "Iko ndani."

"Si ya mwalimu."

Tulipomaliza macho, nikampigia Baba kule Malava. Siku hizi masikio yake yamepungua nguvu, na mikono haishiki tena randa. Binti yangu akasogeza kuku kwenye simu. "Babu, sikia," akasema, akatikisa.

Nilimsikia Mama akiuliza kwa mbali ni nini hiyo. Baba alikohoa, akakohoa tena.

"Mwambie mama yako," akamwambia mjukuu wake, "safari hii asisahau ugali."